Bwana Mawingu na Barabara ya Juu

Mdogo wake Mama Pasi hakujaliwa akili ya kutisha wala mikono ya kazi. Alijaliwa sauti. Aliyekuwa akisema hivyo ni Mama Pasi mwenyewe, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki; alimlisha, akamvisha, akamsomesha mpaka pale shule ilipomchoka. Ilikuwa sauti nene, tulivu, ya mtu anayekujali. Ukiisikia kwenye simu ungedhani unaongea na daktari bingwa. Ukimwona mwenye nayo, ungekuta kijana mwembamba ambaye kamba za viatu vyake hazikuwahi kukaa zimefungwa.

Mama Pasi alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, rafu za vifurushi na kaunta iliyong'arishwa na viwiko vya wateja. Uani kulijaa kamba za kuanikia, zimepishana huku na huku hata mgeni alilazimika kupita ameinama. Dobi na mvua hawapatani. Nguo hazikauki, mteja hataki kujua, na anayebanwa katikati ni dobi. Basi Mama Pasi, kama madobi wote aliowafahamu, alikuwa na jibu lake: "Mvua, ndugu yangu. Si unaona mwenyewe?" Mara nyingine lilikuwa jibu la kweli. Mara nyingine shati lilichelewa kwa sababu alipokea kazi nyingi kuliko mikono yake, au alipitiwa na usingizi mchana, au pasi iligoma. Mbele ya kaunta yote hayo yaliitwa mvua.

Na aliyesukumwa mbele ya kaunta kuyasema, tangu akiwa mdogo, ni huyo mwenye sauti. Alikuwa fundi. Kuna bwana harusi mmoja alikuja asubuhi ya siku yake kuchukua suti, akaikuta bado inachuruzika maji kambani. Mdogo wake Mama Pasi akamweleza habari za mawingu, za unyevu wa hewa, za kitambaa kizuri namna ile kinavyohitaji kukaushwa polepole kama kinaheshimiwa, mpaka yule bwana akaondoka na suruali ya kuazima huku akishukuru. Mama Pasi alikuwa nyuma ya pazia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kijana alipokua, sauti ikamtafutia mkate. Alisherehesha harusi, akatangaza magodoro kwa kipaza sauti juu ya gari bovu, akasoma matangazo ya vifo redioni kwa uchungu ambao wenye msiba wenyewe hawakuwa nao. Hakuna kazi iliyodumu. Kisha ukaja mradi wa barabara ya juu.

Njia panda iliyokuwa mbele ya nyumba ya Mama Pasi ilikuwa imeziba magari kwa miaka, na wakubwa wakaamua kuipitishia barabara juu yake, ya nguzo nene na zege. Likasimikwa bango kubwa lenye picha: barabara imejikunja vizuri angani, magari machache safi, miti kijani, na mbingu ya buluu isiyo na wingu hata moja. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa dobi na ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kuwasema watu, aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Aliyechora haishi hapa," alisema. "Angekuwa mtu wa hapa angeweka na tope."

Kampuni ikahitaji msemaji, mtu wa mtaani, anayejulikana, anayeongea kama watu. Hawakutafuta mbali. Siku ya kwanza ya kazi mdogo wake Mama Pasi alikuja kumwonyesha dada yake alivyovaa: kofia ngumu nyeupe, kizibao cha kung'aa, buti mpya zisizo na doa.

Mama Pasi aliweka pasi pembeni akamkagua kuanzia juu hadi chini.

"Kofia ya nini?"

"Usalama, Dada. Kule juu vitu vinaweza kudondoka."

"Wewe unakaa ofisini. Kitakachokudondokea ni maneno yako mwenyewe."

Alicheka. Alikuwa na tabia ya kucheka unapomtukana, jambo lililomnyima mtu raha ya kumtukana.

Kazi zikaanza kwa kishindo. Mitambo ilinguruma, mashimo ya nguzo yakachimbwa, na mbele ya mlango wa Mama Pasi ukachimbwa mtaro mpana wa maji ya barabara, ikawa wateja wanavuka juu ya ubao kama wanapanda jahazi. Halafu mvua zikafika, na mitambo ikanyamaza. Watu wakanung'unika, mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa shule, na Bwana Msemaji akasimama.

Mama Pasi alikwenda akiwa ameshajiandaa kuona aibu. Hakuiona. Mdogo wake alisema kwamba udongo uliolowa haushindiliki. Ukiubonyeza hapa unavimba kule, kama unga uliozidishwa maji, na barabara ikijengwa juu ya udongo wa hivyo itakaa kidogo kisha itaanza kubonyea. Alisema zege likinyeshewa kabla halijashika, saruji huoshwa ikaenda zake, vikabaki kokoto na mchanga vinavyotazamana. Alisema shimo la nguzo likijaa maji huwezi tu kuyavuta kwa pampu ukaendelea, maana kingo zimelegea na mtu aliyeko chini anaweza kuzikwa mzima. Watu walisikiliza. Walitoka wakiambiana kuwa kumbe kujenga si mchezo. Hata Mama Pasi, akivuka ubao wake kurudi ndani, alikiri moyoni kwamba leo kijana alisema neno lenye mfupa.

Mifupa yenyewe aliipata kwa mhandisi wa mradi, dada mmoja mwembamba, mwenye miwani, asiye na maneno mengi, ambaye ovaroli zake zilifuliwa kwa Mama Pasi. Mhandisi alimweleza kila kitu kwa uaminifu, akidhani anamfundisha mtu anayetaka kuelewa. Kumbe alikuwa anamjazia ghala.

Maana mvua zilipokatika likaja jua, na jua nalo likawa na kesi. Zege, alieleza msemaji, halitaki joto kali. Linakauka juu kabla ya ndani, linapasuka nyufa, hivyo linamwagwa alfajiri tu kisha linafunikwa magunia na kumwagiliwa siku nzima kama mgonjwa wa homa. Jua likapoa, ukaja upepo. Kreni haziwezi kunyanyua mihimili kwenye upepo, mhimili ukianza kuyumba hewani hakuna wa kuubembeleza. Upepo ukatulia, zikaja radi. Na kitu kirefu kuliko vyote mtaani ni kreni, na mwendeshaji wake ana watoto. Radi zikaisha, ikabainika kwamba nondo zilizosimama wazi wakati wote huo zimeota kutu kwa sababu ya unyevu wa hewa, na lazima zisuguliwe upya.

Kila moja ya sababu hizo ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkera Mama Pasi kuliko uongo mtupu. Uongo unaweza kuukamata ukautikisa. Lakini huyu alikuwa anachukua ukweli mmoja mmoja, mzuri, safi, na kuutumia kama kiraka cha kufunika tundu lisilo la kwake. Mvua ilizuia kazi kwa siku chache. Maelezo ya mvua yakaizuia kwa miezi. Kule nyuma ya maelezo, kila mtu aliyekuwa na macho aliona malori yakija matupu, mafundi wakilala kivulini kwa kukosa saruji, na meneja wa mradi akipita kwenye gari lenye vioo vyeusi bila kushuka.

Watu wakamwita Bwana Mawingu. Alilipenda jina hilo. Alilipokea kama cheo.

Kila Jumapili alikuja kula kwa dada yake, anavua buti mlangoni, anakaa kwenye kiti kile kile karibu na dirisha na kusimulia alivyowamaliza watu mkutanoni.

"Walikuja wamevimba, Dada. Wameondoka wananiuliza habari za wingu jeusi na wingu jeupe."

"Na barabara?"

"Barabara ipo."

"Ipo wapi? Mimi naona miguu tu. Mwili uko wapi?"

"Dada, na wewe. Unajua hali ya hewa ya kwetu ilivyo."

"Naijua. Naanika nguo chini yake kila siku iendayo kwa Mungu. Nikuulize: ikitokea siku haina mvua, haina jua kali, haina upepo wala radi, utasemaje?"

Alitafuna taratibu, akafikiri kwa dhati, kama fundi aliyeulizwa swali la ufundi.

"Hiyo siku nitatafuta," alisema.

Siku hiyo ilikuja, tena ikaja na wenzake. Kati ya misimu kulitokea wiki za hewa nzuri ambazo hata wazee hawakuzizoea: asubuhi za ubaridi kidogo, jua la kistaarabu, upepo mwanana wa kukausha shuka wakati chai inachemka. Mama Pasi alifua kama mtu aliyepagawa. Na upande wa pili wa mtaro wake, mitambo mikubwa ya kuchimbia ilipandishwa kwenye malori marefu mchana kweupe, ikaondoka. Kampuni ilikuwa imepata kazi nyingine mahali pengine, na mitambo ni ile ile. Wakabaki walinzi wawili wanaocheza drafti kwa vifuniko vya chupa.

Mkutano ukaitishwa. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, maana watu walitaka kuona. Bwana Mawingu alikohoa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwamba wataalamu wamegundua unyevu uliojificha. Juu pamekauka, ndiyo, lakini chini, ndani kabisa, mvua za msimu uliopita bado hazijaondoka.

Kisha fundi viatu akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo siku hizi mvua inanyesha kutoka chini?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watoto waliokuwa madirishani walidondoka. Bwana Mawingu naye alicheka, kwa mazoea, na Mama Pasi akainamisha uso kwenye khanga yake. Kumchekea mtu ni jambo moja. Kumwona anajicheka mwenyewe bila kujua ni jambo jingine.

Siku chache baadaye mhandisi alileta ovaroli zake. Hakuondoka. Alisimama kwenye kaunta akitazama nje, kwenye mlima wa kifusi uliokuwa umeachwa ng'ambo ya mtaro.

"Mama, kile kifusi kimekaa juu ya mdomo wa kalavati la zamani," alisema. "Maji yote ya mtaa huu yanapitia pale. Mtaro mpya haujaunganishwa popote. Mvua ya kwanza tu, maji yatakosa pa kwenda."

"Mmewaambia wakubwa?"

"Nimesema kwenye vikao. Meneja anasema mtambo ukirudi kitaondolewa."

"Na unarudi lini?"

Mhandisi alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Mama Pasi hakungoja Jumapili. Alimpigia mdogo wake simu aje, akaja, akampeleka mpaka kwenye ubao na kumwonyesha kifusi kwa kidole.

"Unajua kuna nini chini ya kile?"

"Kalavati," alisema.

"Kwa hiyo unajua."

"Lilizungumzwa ofisini, Dada. Linashughulikiwa."

"Wewe unakaa na meneja chumba kimoja. Mwambie dada yako anaishi hapa. Mwambie leo."

"Mimi ni msemaji, Dada. Siyo kazi yangu kumwambia meneja. Kazi yangu ni kuwaambia nyinyi."

Alisema hivyo bila haya, kwa ile sauti yake ya kumjali mtu. Mama Pasi alimwangalia, akaona kwamba kijana hakuwa anamdanganya. Aliamini kabisa kwamba maneno yameumbwa kwenda upande mmoja tu, kutoka juu kuja chini, kama mvua yenyewe. Aligeuka akaingia ndani. Alihamisha vifurushi vya rafu za chini, akavipandisha mezani, lakini rafu zilikuwa nyingi na meza ni moja, na wateja walizidi kuleta, na hewa ilikuwa nzuri. Baada ya siku kadhaa vifurushi vilirudi chini vyenyewe, kama vinaijua njia.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri. Haikuwa mvua ya kutisha. Ilikuwa mvua ya kawaida ya kufungua msimu, ile ambayo watoto hutoka nayo nje na mama zao hawawaiti. Mama Pasi na binti yake walianua nguo uani bila haraka, wakicheka. Walipoingia chumba cha mbele walikuta maji yanaingia chini ya mlango, membamba, ya rangi ya kahawia, yakitangulizwa na takataka ndogo ndogo. Mtaro ulikuwa umejaa ukingoni. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifusi, yakakuta mlango umefungwa, yakageuka kutafuta nyumba za watu.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Maji yalipanda kufikia magoti. Rafu za chini zilielea zikalala kifudifudi, na vifurushi vikafunguka: mashati ya watu, sare za wauguzi, mapazia ya kanisa, gauni jeupe la bibi harusi ambalo lilikuwa limepigwa pasi asubuhi ile. Kibanda cha fundi viatu kikajiendea, na viatu vyake vikaonekana vikivuka barabara bila miguu. Uani, ukuta wa nyuma, uliokuwa umekunywa maji kutoka chini, ulitoa sauti kama mtu anayeguna, ukalala polepole juu ya kamba za kuanikia. Hakuna aliyeumia. Binti alikuwa amesimama juu ya meza ya pasi, ameshika pasi kifuani kama mtoto.

Bwana Mawingu alifika akikimbia, peku, suruali imekunjwa mapajani. Hapa lazima asemwe kwa haki: alifanya kazi. Alibeba vifurushi kichwani mpaka nyumba ya jirani kwenye mwinuko, akarudi, akabeba tena. Aliinua mabati ya kibanda cha fundi viatu. Alimshika mkono bibi mmoja wa jirani akamvusha. Hakusema neno, na Mama Pasi, akiwa amejaa tope hadi nyusi, alijikuta akimtazama na kufikiri kwamba pengine huyu ndiye mdogo wake hasa, na yule mwingine ni mtu waliyemwazima mahali.

Kisha simu yake ikalia. Alitoka akasimama chini ya upenu wa jirani, mahali pakavu. Alisikiliza. Alitikisa kichwa, akasema "sawa, mkuu" mara kadhaa. Aliporudi alikuwa amekunjua miguu ya suruali.

"Dada," alisema, na ilikuwa ile sauti. "Hii mvua haikuwa ya kawaida."

Mama Pasi alikuwa anakamua pazia la kanisa. Alilikamua mpaka tone la mwisho kabla ya kumjibu.

"Toka nyumbani kwangu," alisema.

Kwenye mkutano wa safari hii hakuna aliyecheka. Ukumbi ulinuka nguo mbichi. Meneja mwenyewe alikuwepo, amekaa meza ya mbele, mikono imeshikana juu ya tumbo. Pembeni yake mhandisi, anatazama viatu vyake. Bwana Mawingu alisimama akatoa pole kwa maneno yaliyopangwa vizuri sana. Kisha akaeleza kwamba mtaa umepigwa na mvua isiyo na kifani, mvua ambayo mtaalamu yeyote duniani asingeweza kuitabiri, kwamba ni mabadiliko ya tabia ya nchi, na kwamba mbele ya nguvu za namna hiyo binadamu ni mdogo.

Mama Pasi alisimama. Hakuomba nafasi, na mwenyekiti wa kikao alipomwona uso hakumdai.

"Nina swali kwa msemaji. Mvua hii ilikuwa kubwa kuliko ya kufungua msimu mwaka uliopita?"

Bwana Mawingu alifungua mdomo. Alimtazama dada yake, akamtazama meneja.

"Takwimu," alisema, "bado zinachambuliwa."

"Mwaka uliopita maji yaliingia ndani kwangu?"

"Kwa taarifa nilizonazo..."

"Ulikuwa mezani kwangu unakula. Yaliingia?"

Meneja alisogeza kiti. Mama Pasi alitazama ile meza ya mbele, mmoja baada ya mwingine. Mhandisi alijua. Meneja alijua. Mdogo wake alijua. Hakukuwa na mjinga hata mmoja pale mbele, na hilo ndilo lililomchukiza. Angewasamehe wajinga. Hawa walikuwa watu wanaojua kila kitu kuhusu maji, udongo na zege, na hakuna aliyekuwa na uti wa mgongo wa kumwambia mwenzake aondoe rundo la udongo.

"Mvua imekosa mtu wa kuisemea," alisema Mama Pasi. "Ingekuwa na wa kuisemea, nyinyi mngekuwa mmefungwa." Akatoka. Fundi viatu akamfuata, amevaa viatu visivyolingana.

Kesho yake asubuhi mtambo ulikuwa pale. Ulitokea wapi hakuna aliyeambiwa. Kifusi kiliondolewa kabla ya adhuhuri, kalavati likafunguka likatapika maji meusi, na mtaro ukaunganishwa mpaka mwisho, kazi ambayo hali ya hewa ilikuwa imeizuia kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inanyesha wakati wote huo. Baadaye kampuni ikaleta matofali na mafundi wakamjengea Mama Pasi ukuta wake. Aliupokea. Hakuwa na kiburi cha kulala bila ukuta. Walipomwomba asimame mbele yake kupigwa picha, alisema ana nguo kwenye sabuni.

Kazi ngumu ikabaki kwenye kaunta. Wa kwanza kuja alikuwa muuguzi, anataka sare zake. Mama Pasi alifungua mdomo na ikatoka yenyewe, laini, iliyokaa tayari: "Mvua, ndugu yangu. Si uliona mwenyewe?" Muuguzi akaitikia kwa huruma, akasema ni kweli, ilikuwa mvua kubwa. Na Mama Pasi akasikia ile sauti ikining'inia hewani. Ilikuwa nene, tulivu, ya mtu anayejali. Haikuwa yake.

"Hapana," alisema. "Siyo kubwa. Nilijua maji yatakuja, niliambiwa na mtu anayejua, na nikaviacha vifurushi chini. Kifusi ni cha kwao. Rafu ni yangu."

Muuguzi hakupenda kusikia hivyo. Watu wengi hawakupenda. Mvua ilikuwa inawatosha. Mtu hagombani na mvua, anakwenda zake na amani. Walipoambiwa ukweli waligundua kwamba wana mtu wa kumkasirikia, na wakakasirika. Bibi harusi alisema maneno makali hata mama yake akalazimika kumshika mkono. Mama Pasi alisimama akayasikiliza yote hadi mwisho, akaona jinsi kusema kweli kulivyo jambo zito, na dharau aliyokuwa nayo kwa mdogo wake haikupungua hata kidogo. Ila sasa sehemu ya dharau hiyo ilimwangukia yeye mwenyewe.

Mhandisi aliacha kazi, akahamia kampuni nyingine. Barabara ya juu iliendelea, ikasimama, ikaendelea. Siku ya kufunguliwa kwake Bwana Mawingu alisherehesha, na Mama Pasi akamsikia kutoka uani, penye ukuta mpya, akisema kwamba wamepambana na hali ya hewa na wameishinda. Hakutoka kwenda kuona. Fundi viatu alikwenda, akarudi akasema juu kabisa, kwenye kona, kuna dimbwi ambalo magari yote yanalikwepa, na wageni wa heshima walilikwepa pia, kwa adabu.

Wiki ileile Bwana Mawingu alikuja. Walikuwa hawajazungumza tangu mkutano. Alivua buti mlangoni, akasimama, kiti hakukikalia.

"Nimehamishwa, Dada. Bwawa la umeme, kule milimani. Mradi mkubwa. Nimeleta mashati, kama utakuwa na nafasi."

Alikuwa na mashati matano au sita chini ya kwapa. Mama Pasi alinyoosha mkono bila kumwangalia, akaweka la kwanza mezani. Alipiga pasi kola, mabega, mikono. Mvuke ulipanda kati yao.

"Kile kifusi," alisema, "uliwahi kumwambia meneja? Hata siku moja?"

Aliangalia pasi ikishuka kwenye mkono wa shati.

"Hapana."

"Basi. Angalau leo umesema moja."

Alipokea hilo. Hakucheka. Alisogeza kamba ya kiatu kisichokuwepo kwa kidole cha mguu, akasema polepole, "Huko milimani wanasema mvua hainaga msimu. Inanyesha tu, mwaka mzima."

"Utashiba," alisema Mama Pasi.

Alimaliza mashati, akayakunja, akayafunga kwa karatasi na uzi kama ya mteja yeyote. Aliyasukuma juu ya kaunta. Mdogo wake aliyachukua, akasema asante Dada, akainama kuvaa buti, na Mama Pasi akamwona akihangaika na kamba, akizifunga na kuzifungua. Hakwenda kumsaidia. Alisubiri mpaka alipopata, akamwangalia akivuka mtaro bila ubao, maana sasa ulikuwa na mfuniko, kisha akachukua kifurushi kilichofuata, akakifungua, akatafuta ni cha nani.